HODI MLANGONI PA MWANANCHI: MADARAKA NA MIPAKA YA AFISA USTAWI WA JAMII

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na walimu, kuhusu madaraka ambayo sheria imempa afisa ustawi wa jamii anapochunguza hali ya mtoto anayedhaniwa kuteswa au kutelekezwa.

Ndugu watumishi, ndugu walimu,

Hakuna hodi nzito kama hodi ya mtumishi wa Serikali aliyefuata mtoto nyumbani kwa mlezi wake. Bwana shamba huingia shambani, bwana afya huingia sokoni, mkaguzi wa hesabu huingia ofisini, na hakuna anayeshangaa. Lakini mtumishi anapofika nyumbani kwa mwananchi na kusema kwamba amekuja kumwona mtoto, amegusa mambo mawili ambayo watu huyaheshimu kuliko yote: nyumba na damu. Mwenye nyumba atauliza, "Umetumwa na nani?" Mkewe atauliza, "Kwani mtoto huyu ni wako?" Majirani nao watasimama ua wa pili, wakisikiliza.

Maswali hayo si ya ukaidi. Ni maswali ya haki, na mtumishi asiyeweza kuyajibu kwa utulivu hajawa tayari kupiga hodi. Mazungumzo haya yanakusudia kuyajibu, kwa sababu mtumishi asiyejua madaraka yake humwacha mtoto afe, na mtumishi asiyejua mipaka yake humwonea mzazi. Makosa yote mawili yamekwisha kutokea duniani, na katika yote mawili aliyeumia ni mtoto.

MFANO MMOJA

Na uchukuliwe mfano. Mfano huu hauhusu mtoto fulani, ila kila mwalimu aliyefundisha miaka michache atautambua. Msichana wa miaka 9, wa darasa la tatu, anaanza kuchelewa shuleni. Juma la kwanza mwalimu anamwadhibu. Juma la pili mwalimu anaona kwamba mtoto hawezi kukaa sawasawa kwenye dawati. Juma la tatu, wakati wa joto kali, mtoto anakuja na sweta la mikono mirefu. Anapoinua mkono kujibu swali la hesabu, sweta linateremka, na mwalimu anaona kovu bichi la kuungua. Mtoto akiulizwa husema ameanguka jikoni. Mama yake alifariki, na baada ya mazishi alichukuliwa na mjomba wake. Mjomba huyo ni mtu mwenye heshima zake, na tena ni mjumbe wa kamati ya shule.

Hapo mwalimu husikia sauti mbili. Moja husema, "Mambo ya nyumba ya watu hayakuhusu." Ya pili husema, "Mtoto huyu hana mwingine." Sheria ya nchi imekwisha kuamua ni sauti ipi isikilizwe. Kinachobaki ni kujua inaamuru lifanyike nini, na nani, na kwa utaratibu gani.

ASILI YA MADARAKA

Madaraka ya afisa ustawi wa jamii hayatokani na cheo chake wala na gari la halmashauri. Yanatokana na sheria, na sheria yenyewe imesimama juu ya Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyoingizwa mwaka 1984 pamoja na haki nyingine za msingi, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, ya familia yake na ya maskani yake. Lakini ibara hiyo hiyo, katika sehemu yake ya pili, inaelekeza kuwekwa utaratibu wa kisheria utakaoeleza ni katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani haki hiyo yaweza kuingiliwa. Hali, namna na kiasi: maneno hayo matatu ndiyo ufunguo wa jambo lote hili. Afisa anayeingia nyumbani kwa mtu lazima aweze kueleza yote matatu. Akikosa hata moja, yeye ni mgeni asiyealikwa.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilitegemea Sheria ya Watoto na Vijana ambayo asili yake ni mwaka 1937, wakati wa utawala wa Waingereza, pamoja na sheria nyingine zilizotawanyika, kila moja ikishika kipande chake: ya kuasili watoto, ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ya makao ya watoto, ya vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na mwaka 2003 ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990. Ndipo mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka huo, ikazifuta sheria hizo za zamani na kuyakusanya mambo yao mahali pamoja. Zanzibar nayo ilitunga Sheria yake ya Mtoto, Namba 6, mwaka 2011.

Sheria ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inaweka msingi mmoja juu ya misingi yote: katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Haikusema maslahi ya ukoo, wala jina jema la shule, wala takwimu nzuri za halmashauri. Ilisema maslahi ya mtoto.

TAARIFA

Madaraka ya afisa hayaanzi na afisa. Yanaanza na mtu aliyeona. Kifungu cha 95 cha sheria iliyotungwa mwaka 2009 kinamwekea wajibu kila mwanajamii aliye na ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu. Mtu huyo anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo lake. Yafaa ieleweke kwamba hapa sheria haikuomba hisani. Imetoa amri, na amri hiyo haikumwondoa mwalimu, wala muuguzi, wala mtendaji wa kijiji.

Afisa akipata taarifa, silaha yake ya kwanza ni mazungumzo. Sheria inampa uwezo wa kumwita mtu aliyelalamikiwa, wajadiliane, kisha atoe uamuzi kwa kuzingatia maslahi ya mtoto. Na anayeukaidi uamuzi huo, shauri lake hupelekwa mahakamani. Mambo mengi humalizika hapa, na ni vyema yamalizike hapa. Baba aliyekuwa akinywea mshahara wake wote anakubali kuacha fedha ya matumizi. Bibi aliyeachiwa wajukuu watano anaandikishwa apate msaada. Mtoto aliyefanywa mchunga mbuzi anarudi darasani. Kumwita mtu kwa heshima si udhaifu. Serikali inayojua nguvu zake haianzi kwa kelele.

Lakini si kila jambo la kuitana. Pale ambapo kosa la jinai limetendwa dhidi ya mtoto, kama vile kubakwa, kulawitiwa au kujeruhiwa vibaya, afisa hana madaraka ya kuwakalisha wazee ili mtu alipe mbuzi wawili na mambo yaishe. Shauri hilo ni la Jamhuri, na ukoo hauna uwezo wa kulisamehe kwa niaba ya mtoto. Mtoto anatakiwa apelekwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3, na afikishwe hospitali mapema, kabla ushahidi haujapotea. Kumpa mwovu nafasi ya kulipa faini ya kienyeji ni kumwuzia mtoto wa watu.

KUINGIA NA KUCHUNGUZA

Hapa ndipo linapozuka swali gumu zaidi: je, afisa aweza kuingia nyumbani kwa mtu bila ya ridhaa yake?

Jibu la sheria ni ndiyo, kwa masharti. Kifungu cha 96 kinasema kwamba afisa ustawi wa jamii akiwa na sababu za msingi za kudhani kwamba mtoto anateswa au anahitaji matunzo na ulinzi, aweza, akifuatana na polisi, kuingia na kupekua mahali mtoto anapowekwa ili achunguze. Sharti la kwanza ni sababu za msingi. Sharti la pili ni polisi. Yote mawili yana maana yake.

Sababu za msingi si uvumi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo hufaa barazani, lakini haifai kuwa msingi wa kuvunja faragha ya nyumba ya mtu. Vijijini na mijini zipo chuki za mipaka ya mashamba, zipo hasira za mitalaka, upo wivu wa biashara, na yote hayo yaweza kuvaa joho la huruma kwa mtoto. Afisa hujiuliza: Nani aliona? Aliona nini kwa macho yake? Lini, na mara ngapi? Je, lipo jambo jingine linalounga mkono, kama vile daftari la mahudhurio au kadi ya kliniki? Kovu bichi, pamoja na mahudhurio yaliyovurugika kwa majuma matatu, pamoja na maelezo yasiyolingana na jeraha, ni sababu za msingi. Neno la jirani mmoja aliyegombana na mwenye nyumba jana jioni, likiwa peke yake, ni sababu ya kuuliza zaidi.

Sharti la polisi nalo si la kutisha watu. Limewekwa kwa faida ya pande zote. Linamlinda afisa, ambaye aghalabu ni kijana mmoja mwenye faili mkononi mbele ya mtu mwenye panga. Linamlinda mwenye nyumba, kwa kuwa jambo linafanywa mbele ya shahidi mwenye kiapo, wala halifanywi gizani na mtu mmoja. Tena linamlinda mtoto, kwani likionekana kosa la jinai, mwenye madaraka ya kukamata yupo papo hapo. Afisa ustawi wa jamii mwenyewe hakupewa madaraka ya kumfunga mtu pingu.

Akishaingia, afisa hutazama yanayohusu mtoto, wala hakwenda kukagua dini ya watu, siasa zao au sanduku la fedha. Hutazama mtoto analala wapi, anakula nini, ana majeraha gani. Huzungumza na mtoto mahali ambapo anayedhaniwa kumtesa hasikii, maana mtoto anayehojiwa mbele ya mtesaji wake atasema ameanguka jikoni, na atasema hivyo mara 100. Sheria imempa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na haki hiyo haina maana ikiwa mahali pa kuyatolea ni mbele ya fimbo.

Wala umaskini si kosa. Kifungu cha 16 kinaorodhesha watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi: yatima aliyetupwa na jamaa zake, aliyetelekezwa au kuteswa na mlezi, asiye na mahali pa kukaa, anayeombaomba barabarani, aliye mikononi mwa mlezi mhalifu au mlevi asiyefaa, na wengineo. Fukara naye yumo katika orodha hiyo, lakini busara ya sheria ni kumpatia msaada, wala si kumwadhibu mama yake. Halmashauri imepewa wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa watoto katika eneo lake na kuwashauri wazazi. Afisa akikuta mtoto analala juu ya mkeka kwa sababu nyumba nzima inalala juu ya mikeka, hakukuta utesaji. Amekuta kazi ya halmashauri.

SIKU SABA

Ikiwa baada ya uchunguzi itaonekana kwamba mtoto ameteswa, au anahitaji ulinzi wa mara moja, afisa akifuatana na polisi aweza kumwondoa mtoto na kumpeleka mahali pa usalama kwa muda usiozidi siku 7. Kabla siku hizo hazijaisha, lazima mtoto afikishwe mahakamani ili mahakama itoe amri.

Siku 7 hizo ndizo moyo wa sheria yote. Ndani yake afisa anashika madaraka makubwa ambayo watumishi wachache sana wanayo, yaani kumtenga mtoto na watu wa damu yake kabla hakimu hajasema neno. Lakini madaraka hayo ni ya kuazima, na yana tarehe ya kurudishwa. Siku ya nane afisa hana tena uwezo wa kumshikilia mtoto kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kama nia yake ni njema kiasi gani. Nia njema haiongezi siku.

Mahali pa usalama ni mahali pa usalama kweli. Mahabusu ya polisi, ambako mtoto aliyeteswa atalala pamoja na watuhumiwa, si mahali hapo; wala si chumba cha stoo cha ofisi ya kata. Huweza kuwa kwa jamaa mwingine mwaminifu, kwa mlezi wa kuaminika aliyekubaliwa, au katika makao ya watoto yaliyoidhinishwa. Na katika siku hizo afisa hapaswi kukaa akisubiri. Anatakiwa amfikishe mtoto kwa mganga, atafute jamaa wengine wa mtoto, asikilize upande wa mlezi, na aandike taarifa yenye mambo aliyoyaona, si yale aliyoyahisi.

Mahakama ya watoto ndiyo itakayopima. Yaweza kutoa amri ya matunzo, inayomweka mtoto chini ya ulezi mwingine. Yaweza kutoa amri ya uangalizi, mtoto akabaki nyumbani huku afisa akifuatilia. Na yaweza pia kuona kwamba hapakuwa na sababu, mtoto akarudi. Mzazi ana haki ya kusikilizwa, kwani Katiba katika ibara ya 13 imeifanya haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu kuwa haki ya kila mtu. Mkataba wa mwaka 1989 nao, katika ibara ya 9, unataka mtoto asitenganishwe na wazazi wake ila kwa uamuzi unaoweza kupimwa na mahakama. Kwa hiyo basi afisa anayempeleka mtoto mahakamani siku ya tano hajashindwa kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

FUNZO KUTOKA UINGEREZA

Wapo wasemao kwamba mipaka hii ni mizito mno, na wapo wasemao kwamba ni myepesi mno. Yafaa kutazama nchi ambayo iliteleza pande zote mbili, nayo ni Uingereza.

Mwezi Januari mwaka 1973, katika mji wa Brighton, mtoto Maria Colwell, mwenye umri wa miaka 7, alifariki kwa kipigo cha baba yake wa kambo. Mtoto huyo alikuwa amelelewa na jamaa zake waliompenda, kisha mwaka 1971 akarudishwa kwa mama yake, huku akiwa chini ya uangalizi wa wakuu wa eneo hilo. Walimu waliona anavyodhoofu. Majirani walilalamika. Watumishi wa idara mbalimbali walifika nyumbani. Tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake mwaka 1974 ilionyesha kwamba watu wengi walijua kidogo kidogo, lakini hapakuwa na mahali ambapo vidogo hivyo vilikusanywa vikawa jambo moja. Madaraka yalikuwapo. Aliyeyashika hakuyatumia kwa wakati.

Miaka 14 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1987, katika wilaya ya Cleveland, kaskazini mashariki ya nchi hiyo, watoto 121 walitangazwa ndani ya miezi michache kuwa wameingiliwa kimwili, kwa kutegemea mno dalili moja ya kitabibu. Wengi waliondolewa majumbani kwa amri za kuwaweka mahali pa usalama, ambazo wakati huo ziliweza kudumu hadi siku 28. Wazazi walizuiwa kuwaona watoto wao. Baadaye wengi wa watoto hao walirudishwa. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Elizabeth Butler-Sloss, uliotoa taarifa yake mwaka 1988, uliwakumbusha watumishi kwamba mtoto ni mtu, wala si kitu cha kuhamishwa huku na huko kwa ajili ya wasiwasi wa wakubwa.

Kutokana na misiba hiyo Uingereza ilitunga Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika mwezi Oktoba 1991. Siku 28 zikapunguzwa kuwa 8, zikiweza kuongezwa mara moja tu kwa siku zisizozidi 7. Polisi wakapewa saa 72 za kumhifadhi mtoto aliye hatarini. Mzazi akapewa nafasi ya kuipinga amri mbele ya mahakama. Ni dhahiri kwamba sheria hiyo haikupunguza wajibu wa kumlinda mtoto. Ilichopunguza ni muda ambao mtumishi aweza kukosea bila ya kuulizwa. Siku 7 za sheria ya Tanzania zina hekima hiyo hiyo.

MWALIMU NAYE ACHUNGUZWE

Yafaa pia neno moja lisemwe ambalo si tamu. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walipata kutendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walipata kupigwa na mtu mzima au mwenzi utotoni mwao, na walimu walitajwa miongoni mwa wapigaji na takriban nusu ya waliohojiwa.

Sheria ya mwaka 2009 haikufuta kumrudi mtoto, lakini katika kifungu cha 13 imekataza mateso na adhabu za kinyama, na imesema kwamba marudi yanayozidi umri, mwili na akili ya mtoto hayana uhalali. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zilipunguza viboko vikawa visivyozidi 4, zikamwachia mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha, na zikataka adhabu iandikwe. Mwalimu anayepita mipaka hiyo asidhani kwamba afisa ustawi wa jamii anaishia kwenye geti la shule. Tena mtoto anayepigwa kwa sababu amechelewa, bila ya kuulizwa kwa nini amechelewa, amefungiwa mlango wa mwisho aliokuwa anaweza kuugonga.

Kwa hiyo mwalimu ana kazi tatu, na hakuna iliyo nje ya uwezo wake. Kwanza, aone, na aandike alichoona pamoja na tarehe, katika daftari lisilosomwa na kila mtu. Pili, asijifanye mpelelezi: asimhoji mtoto mara kumi, asimwahidi siri asiyoweza kuitunza, wala asiende kumkabili mlezi, maana mtoto atalipa usiku huo huo. Tatu, apeleke taarifa. Njia ni nyingi: afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji au wa kata, Dawati la polisi, au simu ya msaada kwa mtoto, namba 116. Kama mjumbe wa kamati ya shule ndiye anayelalamikiwa, taarifa ipande juu yake, wala isipite mikononi mwake.

Kwa watumishi wa halmashauri, kazi ni kulifanya hilo liwezekane. Zipo kata nyingi zisizo na afisa wake, na yupo afisa anayesubiri siku tatu apate mafuta ya pikipiki. Siku 7 za sheria hazisubiri mafuta. Mkurugenzi anayepanga bajeti, mweka hazina anayeidhinisha hati ya malipo na mtendaji anayetoa nafasi ya gari wote wanashika kipande cha madaraka haya, hata kama majina yao hayatajwi kifunguni. Na kwa kuwa sheria imefanyiwa marekebisho tangu ilipotungwa, na Kanuni za Ulinzi wa Mtoto zimetolewa chini yake, kila ofisi ingefaa kuwa na nakala ya toleo linalotumika, mezani, isiyofungiwa kabatini.

Ndugu watumishi, ndugu walimu,

Turejee kwa msichana wa darasa la tatu. Mwalimu ameandika. Mwalimu mkuu ametia saini na taarifa imepelekwa siku hiyo hiyo. Afisa amepima sababu, akaziona ni za msingi, akamchukua askari wa kike kutoka Dawati, wakapiga hodi. Mjomba ametoka, ameuliza, "Mmetumwa na nani?" Afisa amejitambulisha kwa jina na cheo, ametaja sheria, ameeleza amekuja kutazama nini, na amesema kwamba ikibidi mtoto aondolewe, kabla ya siku saba mjomba atasikilizwa mbele ya hakimu. Hakupaza sauti, wala hakuomba radhi kwa kazi yake.

Huenda hakimu akaona kwamba kovu lile lilitokana na ajali, mtoto akarudi nyumbani na mjomba akabaki na heshima yake. Huenda akaona kwamba ni chuma cha moto, na mtoto akapata mahali pengine pa kulala bila ya hofu. Afisa hajui, wala hakupewa kazi ya kujua yote. Alipewa kazi ya kufika kwa wakati, kwa njia halali, na kumkabidhi mtoto mbele ya mwenye kuamua. Kwa vyovyote vile, siku ya saba ikifika, msichana yule atakuwa ameulizwa swali lake mahali ambapo aweza kulijibu, na atakuwa hai wa kulijibu.